Tulikuwa Tumekwisha Kuungana

Ninyi wa Alunguli, ng'ambo ya mto, sauti hii inawafikia upesi kuliko miguu yangu, maana daraja bado hatuna.

Juma lililopita nilivuka kuja kwenu. Ilikuwa asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya Lualaba, na ndani ya mtumbwi mbele yangu alikaa mama mmoja aliyepakata kitu kilichofungwa kwa kitenge. Kila wimbi lilipopiga ubavuni alikivuta kifuani kwa mikono miwili. Nikamwuliza: samahani mama, umebeba nini? Akanijibu bila kugeuka: "Nimebeba watu ishirini na watatu."

Lilikuwa sanduku la mbao, si kubwa kuliko kreti ya soda, lenye kufuli tatu. Ufunguo hakuwa nao hata mmoja. Funguo wanazo mama wengine watatu, kila mmoja kwake. Aliyelala na fedha hawezi kuzifungua, na wenye kuweza kuzifungua hawalali nazo.

Leo nataka tuzungumze juu ya sanduku lile. Mara nyingi nimekaa mbele ya maikrofoni hii kuzungumzia maendeleo ya mji wetu wa Kindu, na kila mara nimeanza na barabara, umeme, treni, yaani vitu tusivyo navyo au tulivyo navyo nusunusu. Safari hii naanza na tulicho nacho.

Wengi wenu mko ndani ya vyama vyenye sanduku kama lile. Mnaviita AVEC, vyama vya kuweka na kukopa. Watu kati ya kumi na tano na ishirini na watano, wanaojuana sura na tabia, wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, kadiri mkono unavyofika, na hisa zinapigwa muhuri kwenye kijitabu chake, ili hata asiyejua kusoma aihesabu akiba yake kwa macho. Anayechelewa analipa faini. Pembeni kuna mfuko wa kusaidiana: wa msiba, wa uzazi, wa mtoto aliyelazwa. Anayetaka kukopa anasimama mbele ya wote, anasema anataka kiasi gani na kwa kazi gani, na anaweza kupewa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwaka ukiisha sanduku linafunguliwa, kila mtu anachukua chake pamoja na faida yake, na safari inaanza upya.

Utaratibu huu ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, pamoja na wanawake wa vijiji vya Maradi, ukaenea karibu Afrika nzima. Hilo ni kweli na shukrani tunatoa. Lakini kabla AVEC haijafika Kindu, mama wa soko walikuwa na likelemba yao. Siku ya soko kila mmoja alitoa kiasi, zikakusanywa, leo zako, kesho zangu, kesho kutwa za yule wa mbele. Kukutana, kuaminiana, kumjua mwizi kabla hajaiba: hayo yalikuwapo. Kilichoongezwa ni kufuli na kijitabu. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu kuna hadithi kubwa iliyopita hapahapa kwetu ambayo watu wachache wanaisimulia, na bila sanduku hili haieleweki.

Mwaka 2007, vita vikiwa vimepoa na nchi imetoka kwenye uchaguzi, ulikuja mradi wenye jina la lugha yetu: Tuungane. Fedha zilitoka serikali ya Uingereza. Kazi iliendeshwa na shirika la IRC pamoja na CARE. Ulifika mkoa wetu wa Maniema, Kivu ya Kusini na Katanga ya wakati ule, mpaka sehemu ambayo leo ni mkoa wa Tanganyika. Vijiji 1,250. Fikirini ukubwa wake.

Wazo lake lilikuwa hili. Vita vimevunja vijiji. Watu hawaaminiani, mashefu wanaamua peke yao, fedha za wote zinaliwa na wachache. Basi tuje na fedha, lakini tusijenge sisi. Kijiji kichague kamati yake kwa kura, mkutano wa wote uamue cha kujenga, kamati itoe hesabu hadharani. Watu wakifanya hivyo miaka miwili watazoea, na mazoea hayo yatabaki hata mradi ukienda zake. Kwa maneno mengine, mradi ulitaka kujenga vyumba vya madarasa na vituo vya afya, lakini zaidi ya hapo ulitaka kujenga desturi.

Kwa kuwa fedha hazikutosha kwa kila eneo, walipiga bahati nasibu hadharani, mashefu wakishuhudia. Hawa wanaingia, hawa wanabaki. Bahati nasibu ile iliwapa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kule New York, nafasi ambayo ni nadra kuipata: vijiji vya aina moja, tofauti yao ni bahati tu, vingine vimefundishwa na vingine havikufundishwa. Wakauliza: je, vile vilivyofundishwa vimebadilika?

Hawakuridhika na kuwauliza watu kwa mdomo, na walifanya vizuri, kwa sababu mgeni akimwuliza mtu wa Maniema kama mradi umemsaidia, adabu zetu zinajulikana. Walifanya jambo lingine. Vijiji 457, vya upande huu na upande ule, vilipewa dola 1,000 kila kimoja, vikaambiwa: fedha hizi ni zenu, amueni wenyewe. Kisha wakafuatilia. Nani aliitwa mkutanoni? Nani aliamua? Fedha ziliishia kwenye mabati na misumari au kwenye mfuko wa mtu?

Jibu la mwisho lilichapishwa mwaka 2019. Hawakuona tofauti. Vijiji vilivyopita kwenye mafunzo ya miaka miwili na vijiji visivyopita viliendesha fedha zile namna moja. Wakubwa hawakula zaidi huku wala kule, na mikutano haikuwa ya wazi zaidi kwa waliofundishwa.

Watu wengi wa ofisi za misaada waliposoma hayo walisikitika. Walisema mradi umeshindwa. Huko Sierra Leone kulikuwa na mradi wa jamaa moja na huo, GoBifo, nao ulipimwa ukatoa jibu la namna hiyohiyo: majengo yalionekana, desturi haikubadilika. Ikaonekana kwamba huwezi kupeleka demokrasia kijijini ndani ya gari.

Mimi nasoma jibu lile kwa jicho la mtu wa hapa. Kijiji ambacho hakikufundishwa lolote, hakina kamati ya mradi wala semina hata moja, kilipokea dola 1,000 kikaziendesha sawasawa na kile kilichofundishwa miaka miwili. Kama wewe ni wa London, unaweza kusema: mafunzo yetu hayakufaa kitu. Ukiwa wa Kindu unaona neno lingine ndani yake. Waliambiwa tuungane watu waliokuwa wamekwisha kuungana. Walifundishwa kukutana watu ambao, tangu vita vya mwaka 1998 vilipofika hapa, walikuwa hawana cha kuwaokoa isipokuwa kukutana.

Najua kuna anayeweza kunipinga, na ana haki. Anaweza kusema miaka miwili ni michache, desturi haijengwi kwa miaka miwili. Ni kweli pia. Wala sisemi kwamba kila kijiji kiliendesha fedha kwa uaminifu. Kama wizi ulikuwapo, ulikuwapo pande zote mbili. Lakini mtoa msaada akija tena kesho, naomba asianze na semina ya siku tano ya kutufundisha maana ya kamati. Aanze kwa kuuliza: ninyi mnakutana wapi? Nani anashika ufunguo?

Kumbukeni miaka ile. Wenye umri wangu hamjasahau. Kindu ilitekwa Oktoba 1998. Treni ilisimama, ikarudi mwaka 2004. Mji huu ulizaliwa kwa sababu moja: hapa reli kutoka kusini inakutana na maji yanayopitika kushuka hadi Ubundu, zaidi ya kilomita 300, na kutoka Ubundu kuna reli nyingine ya kilomita 125 kuyakwepa maporomoko mpaka Kisangani. Mji wa kupokelea mzigo na kupakia mzigo. Reli na mto vikisimama vyote viwili, mji wa namna hiyo unabaki kama kizibo kwenye chupa. Nani alituletea chumvi? Vijana na baba zao, kwa kinga. Walisukuma baiskeli msituni majuma kwa majuma, mpunga na mafuta ya mawese kwenda, chumvi na sabuni kurudi, gongo limefungwa kwenye usukani na gongo lingine nyuma ya kiti. Walikwenda kwa makundi, kwa sababu mmoja peke yake hafiki. Daraja la magogo likivunjika, waliopita ndio waliolitengeneza, wala hakuna aliyepiga picha.

Na shule? Tangu miaka ya 1990, nchi ilipoacha kuwalipa walimu mshahara wa kueleweka, wazazi ndio waliowalipa. Kamati za wazazi zilikaa, zikapanga kiasi, zikakusanya, zikagombana, zikakusanya tena. Watoto wa Kongo walisomeshwa hivyo karibu miaka thelathini, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019. Sisifu utaratibu ule. Uliwaacha nje watoto wa maskini, hasa wasichana. Lakini mtu asije kuniambia kwamba watu waliobeba mfumo mzima wa shule mgongoni kwa karibu miaka thelathini hawajui kuungana.

Sasa kuna jambo lazima niwaambie vijana, kwa sababu wanashangaa wazee wanapokunja uso wakisikia maneno "kazi ya pamoja". Mnaona uvivu. Si uvivu, ni kumbukumbu. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya mazao ya lazima. Hapa Maniema ilikuwa pamba na mpunga. Kila mwanamume wa kijijini alidaiwa siku 60 kwa mwaka, na katika vita vya pili vya dunia zikaongezwa kuwa 120. Asiyetimiza alikuwa na jela, na fimbo. Mpunga tunaojivunia leo, ulioletwa kwanza na wafanyabiashara Waswahili waliotoka pwani na kukaa Kasongo na Nyangwe, uligeuzwa kuwa adhabu. Halafu ukaja uhuru, na miaka ya 1970 Mobutu akatuletea salongo. Neno zuri, la kazi kwa furaha. Lakini ilikuwa amri. Ulifagia, ulifyeka, ulijenga, huku mtu wa chama amesimama na daftari.

Kwa hiyo mzee anapoitwa kufanya kazi ya jamii anauliza moyoni: ni sisi tumeamua, au tumeamuliwa? Swali hilo ndilo kipimo changu cha kwanza. Jirani zetu wa Rwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Wakenya walikuwa na harambee yao ya kujenga shule tangu mwaka 1963. Kila moja ina mema yake na machungu yake, na kila moja ukitaka kujua kama ni ya wananchi kweli, tafuta kama mtu anaweza kusema hapana bila kuadhibiwa. Ndani ya sanduku la yule mama hakuna aliyeletwa na polisi.

Nije kwenye jambo linaloniuma.

Kwenye kartie nilikokulia tulipata pompi ya maji. Shirika lililoileta sitalitaja, maana watu wake walikuja kwa nia njema na walifanya kazi nzuri. Tulichangia mchanga na mawe. Vijana walichimba. Siku maji yalipotoka, mama walipiga vigelegele, na kweli kuhara kulipungua nyumbani kwetu. Tukaunda kamati ya maji, kila nyumba ikatoa kiasi kidogo kila mwezi, mweka hazina alikuwa mtu mwaminifu ambaye leo ni marehemu. Shirika likaaga, likaondoka. Mwaka wa pili pompi ikakaa kimya. Tukaifungua. Kilichoharibika ni mpira mmoja, pete ya mpira ya pistoni, ndogo kuliko kiganja cha mtoto.

Fedha tulikuwa nazo. Sikilizeni hilo vizuri. Kamati ilikuwapo, fedha zilikuwapo, umoja ulikuwapo. Ule mpira haukuwapo. Kindu nzima hapakuwa na duka linalouuza. Tuliandika barua. Tulimwomba dereva wa treni. Tulimwomba padri aliyekuwa akisafiri kwa ndege. Mwishowe fundi wa kinga, kijana wa jirani, akakata mpira wa ndani ya tairi, akaulainisha kwa mafuta ya mawese, akauweka. Pompi ikatoa maji majuma sita. Akakata mwingine, majuma manne. Mara ya tano pistoni yenyewe ikawa imelika, na wanawake wakarudi mtoni na kwenye chemchemi. Kamati ilikaa ikakutana miezi kadhaa zaidi, kwa uaminifu kabisa, kujadili pompi iliyokufa.

Ndiyo maana nachoka nikisikia kwamba shida ya miji kama wetu ni wananchi kutoshirikishwa. Tumeshirikishwa mpaka basi. Mchanga tumetoa, mawe tumetoa, Jumamosi zetu tumetoa. Kinachokosekana ni kile ambacho jamii peke yake, hata iungane kama ngumi, haiwezi kukifanya: duka la vipuri, reli inayofika kwa tarehe, mshahara wa muuguzi, barabara ambayo mvua moja haiikati. Hizo ni kazi za Leta, yaani serikali. Na Leta anapoona wananchi wamejifanyia, mara nyingine anapumzika. Anasema: hawa wanajiweza. Hii ndiyo hatari ya maneno matamu ya "maendeleo yanayoongozwa na wananchi". Yanaweza kugeuka mlango wa nyuma ambao serikali inatokea.

Lakini sheria haimruhusu Leta kutoka. Tuisome kidogo, maana ni yetu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa, na inakatwa palepale inapokusanywa. Inakatwa, haiombwi. Mnajua wenyewe kinachofika: retrosesio, fungu ambalo Kinshasa inarudisha, kwa kuchelewa na kwa upungufu, na gavana baada ya gavana amepanda ndege kwenda Kinshasa kuifuata. Kisha kuna sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018. Mkoa wetu una kasiteriti ya Kalima tangu enzi za wakoloni, una dhahabu ya Namoya kule Kabambare. Sheria ile inasema katika mrabaha wa madini, asilimia 25 ni ya mkoa, na asilimia 15 inakwenda moja kwa moja kwenye sekta, sheferi, mji au komine yanapochimbwa. Tena kampuni inayochimba inadaiwa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoizunguka, na watu hao wawe na sauti katika chombo kinachoisimamia. Si zawadi ya kampuni, wala si wema wa mtu yeyote.

Halafu kuna ile programu ya maeneo 145, ambayo serikali ya Kinshasa ilianza kuijenga katika miaka hii ya karibuni: shule, vituo vya afya, majengo ya utawala, mpaka kwenye teritwari zetu saba, Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Nafurahi kuona ukuta mpya na bati jipya. Swali langu kwa kila jengo ni lilelile la sanduku. Nani anashika ufunguo? Mkandarasi akiondoka na tepe ikiisha kukatwa, bati likipeperushwa na upepo wa Oktoba, ni nani mwenye fedha ya misumari, na kijiji kinamjua kwa jina?

Hapo ndipo ningependa fedha za Leta na sanduku la mama vikutane. Sina maana kwamba fedha za serikali ziingie kwenye sanduku la AVEC. Mungu apishe mbali, zingeliua. Nina maana ule utaratibu. Komine ikipokea kitu, kiasi kiandikwe ubaoni nje ya ofisi, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa. Kikitumika, kiandikwe. Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu Katiba hii, washauri wa komine walipigiwa kura katika miji mikuu ya mikoa. Basi mshauri ni mtu wa kuulizwa. Asiulizwe kwa matusi kwenye simu. Aulizwe kama mwanachama wa AVEC anavyoulizwa, akiwa amesimama, mbele ya wote, kijitabu mkononi.

Sitaki kuwapamba wananchi pia. Mikutano yetu ina ukimya wake. Katika mradi ule wa Tuungane walijaribu jambo: kwa bahati nasibu, vijiji vingine vililazimishwa nusu ya kamati iwe wanawake, vingine viliachiwa vichague vitakavyo. Baadaye wakatazama kama miradi iliyochaguliwa ni tofauti, kama fikra za watu juu ya wanawake zimesogea. Hazikusogea. Mama aliwekwa kwenye kiti, lakini kiti hakikumpa sauti. Kwenye AVEC yake mama huyohuyo anaongea mpaka paa linatikisika. Nimelifikiria sana hilo. Nadhani ni kwa sababu kule ana hisa. Anaongea juu ya fedha iliyotoka kwenye beseni lake la samaki. Na wapo ambao hata AVEC hawamo: Mbilikimo wanaoishi kando ya vijiji na kuitwa siku ya kubeba tu, mkimbizi aliyefika jana kutoka upande wa mashariki, kijana wa taksi-moto ambaye kila siku yake ni siku ya kazi. Tukisema "jamii imeamua", tuwahesabu kwanza hao.

Nirudi Alunguli, maana hatujateremka bado.

Mtumbwi ulipogusa mchanga nilimpokea mama sanduku ili ashuke, nalo lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Wakaniruhusu kukaa pembeni mkutano wao ukiendelea, chini ya mwembe, wote ishirini na watatu, mabenchi ya kanisa yamepangwa kwa duara. Mama wawili wenye funguo walikuwapo. Wa tatu hakuwapo. Ndiye mama prezida mwenyewe, na anakaa upande wa Kasuku, ng'ambo ya pili ya mto. Tukangoja. Hakuna aliyependekeza kuvunja kufuli. Alifika baada ya nusu saa, injini ya mtumbwi wake ilizimika katikati ya mto, kitenge kimelowa mpaka magotini. Kabla hajakaa, binti mmoja mdogo anayeshika hesabu akamwambia: "Mama prezida, umechelewa, kuna faini." Akafungua fundo la kitenge, akalipa, akapigiwa makofi.

Hisa zikanunuliwa. Mmoja akakopa kwa ajili ya magunia mawili ya mpunga anayotaka kuyapandisha treni. Mmoja akapewa fedha za msiba. Ndipo mama prezida akasimama akasema ana neno. Alisema amesikia kwenye redio, sijui kama ni kwangu au kwa mwenzangu, kwamba komine ina fungu lake kwa sheria. Akauliza kama kuna mtu anajua mwaka huu liliingia kiasi gani. Hakuna aliyejua. Mimi pia sikujua. Basi, akasema, tumwandikie burugumesta tumwulize, kwa heshima, na mgeni wetu ana kalamu.

Nikaandika pale pale, kwenye karatasi niliyoikata kwenye daftari langu. Mistari saba. Haikulalamika wala kudai. Iliuliza kiasi gani kimeingia, kimetumika wapi, na kama kinaweza kuandikwa ubaoni. Wenye kujua kuandika wakatia sahihi, wengine wakaweka vidole gumba kwa wino wa muhuri wa hisa. Mama wawili na binti wa hesabu wakaondoka nayo hapohapo kwa miguu kwenda komine, nasi tukakaa chini ya mwembe tukila mihogo ya kuchemsha. Walirudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Binti akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya sanduku chini ya fedha, kisha mama watatu wakainama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akafunga kufuli yake.